Jina la Mgoshute likipotea kwenye madaftari: dalili, chanzo na pa kutafuta

Wagoshute ni watu wa jangwa lililo kusini-magharibi mwa Ziwa Kuu la Chumvi, jimboni Utah, hadi ng'ambo ya mpaka upande wa Nevada. Serikali ya Marekani inatambua jamii zao mbili. Moja ni shirikisho lenye makao yake Ibapah, mpakani kabisa mwa Utah na Nevada. Nyingine ni kundi la Skull Valley, kaunti ya Tooele. Jamii zote mbili ni ndogo, na kila moja ina rizavesheni yake, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya kabila.

Anayetafuta habari zao, awe mwanafunzi mwenye kazi ya shule au mtu ambaye mkwewe anatoka huko, hukwama mapema, tena kwa sababu ileile. Anatafuta jina. Wagoshute wenyewe hawakuhama sana, walikaa katika mabonde yaleyale. Kilichohama ni ofisi iliyowaandika, na kila ilipohama, jina liliandikwa upya na karani mwingine mwenye masikio mengine. Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta, chukua karatasi uandike mwaka, bonde, na ofisi iliyosimamia bonde hilo mwaka huo. Jina liandike mwisho, na uliandike kwa penseli.

Waswahili wa Salt Lake City tuna nafasi ya pekee hapa. Maktaba ya nasaba ya FamilySearch iko katikati ya mji, kuingia ni bure, na wasaidizi wa pale wamezoea kuulizwa maswali magumu. Walio mbali wanaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa intaneti.

"Nimeandika Goshute, naambiwa hakuna kitu"

Tahajia hii imezoeleka baadaye. Katika karne ya 19 kila mtu aliandika alivyosikia: Gosiute, Goshiute, Goship, Goshoot, Go-sha-Ute, Gosh Ute. Mkataba wa amani wa tarehe 12 Oktoba 1863 unawaita "Shoshonee-Goship", na bonde ulikotiwa saini, ambalo leo tunaliandika Tooele, limeandikwa "Tuilla". Anayetafuta kwa tahajia za leo anaweza kuupita mkataba huo bila kuuona, na humo ndimo yalimo majina ya viongozi wanne walioweka alama zao: Tabby, Adaseim, Tintsa-pa-gin na Harry-nup. Nao mkataba, ukiusoma, haukutoa ardhi. Uliruhusu barabara, vituo vya magari ya farasi, kambi za jeshi na uchimbaji madini. Jambo hilo lina uzito wake katika historia yao, na wengi wanaonakili habari mtandaoni hulikosea.

Jaribu pia neno Shoshone. Wagoshute wanazungumza Kishoshone, na maofisa kadhaa hawakuona haja ya kuwatenga na Washoshone wengine. Upande wa pili, ile "ute" ya mwisho iliwafanya watu waamini kwamba hawa ni tawi la Wa-Ute, au ni mchanganyiko wa makabila mawili, wakawatia katika hesabu za Wa-Ute. Kuna na tatizo la tatu: wazungu waliowaona wakichimba mizizi waliwaita Diggers, neno la dharau walilotwishwa watu wengi wa nyanda kame za Great Basin. Ukilikuta kwenye barua ya wakala, yaani ofisa wa serikali aliyewasimamia wenyeji, au shajara ya msafiri, usifunge ukurasa kwa hasira. Angalia bonde. Likitajwa Deep Creek, Skull Valley, Simpson Springs au Fish Springs, yaelekea wanaosemwa ni Wagoshute. Na Deep Creek ndiyo hiyohiyo Ibapah, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili.

Maandishi ya wasafiri wa miaka ya 1850 na 1860 yana sumu nyingi. Njia ya posta ya farasi na ya magari ya abiria ilipita katikati ya nchi yao, ikajenga vituo vyake palepale penye chemchemi, na katika jangwa mwenye chemchemi ndiye mwenye nchi. Mapigano yaliyofuata hadi 1863 yalisimuliwa na upande mmoja. Mimi huchukua tarehe na mahali kutoka katika maandishi hayo, lakini sifa wanazopewa watu siziamini.

"Nimeangalia Dawes Rolls zote, hawamo"

Hawamo na hawatakuwamo. Daftari hilo maarufu la kuandikisha wanachama wa makabila ni la makabila matano tu: Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole. Mtandao mzima wa nasaba umejaa matangazo yake, ndiyo maana watu hulikimbilia. Liache, tuendelee.

"Mwaka huu yupo, mwaka unaofuata hayupo"

Kazi yenyewe iko hapa. Sheria ya tarehe 4 Julai 1884 iliwataka mawakala wa serikali wapeleke Washington kila mwaka orodha ya Waindio, yaani wenyeji wa asili wa Marekani, walio chini yao. Madaftari ya 1885 hadi 1940 yamepigwa picha kwenye filamu 692, na mkusanyo wote hujulikana kwa namba M595. Unaweza kuutafuta kwenye tovuti ya FamilySearch bila malipo, au ya Ancestry kwa kulipia.

Rudia maneno "walio chini yao". Wakala hakuhesabu kabila. Alihesabu watu wa ofisi yake, na Wagoshute kwa miaka mingi hawakuwa watu wa ofisi yoyote. Serikali iliwahi kuanzisha shamba kwa ajili yao Deep Creek mwaka 1859, likafa baada ya muda mfupi. Baadaye ikajaribu kuwashawishi wahamie Uintah kwa Wa-Ute, au Fort Hall huko Idaho, wakakataa. Wakabaki kwao, wakilima vipande vidogo na kufanya vibarua kwenye ranchi za walowezi. Rizavesheni ya Skull Valley ilitengwa kwa amri ya rais mwaka 1912, na ya Deep Creek mwaka 1914. Basi usipomwona babu wa mkeo kwenye madaftari ya miaka ya 1880 na 1890, usihitimishe kwamba hakuwapo au hakuwa Mgoshute. Kutokuwamo ndiko kawaida ya kipindi hicho. Tazama tu Uintah na Fort Hall kwa uangalifu, maana wachache waliwahi kufika huko.

Baada ya 1914 tatizo linageuka. Sasa wameandikwa, lakini kitabu kinabadilika. Kwa muda kulikuwa na shule na ofisi kulekule Deep Creek. Kisha usimamizi ukahamia mbali, na makao mawili yakaangukia mikononi mwa ofisi mbili tofauti. Hata leo Skull Valley inahudumiwa na ofisi ya Uintah na Ouray iliyoko Fort Duchesne, mashariki mwa Utah, ilhali Ibapah inahudumiwa na ofisi ya Elko, Nevada. Kwa hiyo jina likikatika ghafla, kabla ya kudhani kifo, jaribu madaftari ya Goshute, ya Western Shoshone, ya Paiute, ya Carson, na ya Uintah na Ouray, kwa mwaka uleule na mwaka unaofuata.

Njia yangu ya kuvuka kutoka kitabu hadi kitabu ni namba. Ukurasa wa kawaida una jina la asili, jina la Kiingereza, uhusiano na mkuu wa kaya, jinsia na umri. Na pembeni, katika madaftari mengi, kuna namba mbili kwa kila mtu: ya mwaka huu na ya mwaka uliopita. Tuseme mtu wako ni namba 87, na safu ya pili inasema 85. Fungua daftari la mwaka jana, shuka hadi 85. Huyo ndiye, hata kama mwaka jana aliitwa kwa jina la asili tu na mwaka huu ameitwa Jim. Ukikuta safu ya namba ya zamani iko tupu, huyo mtu ni mgeni kitabuni: amezaliwa, ameolewa pale, au ameletwa kutoka ofisi nyingine, na hapo una pa kuanzia kutafuta upya. Majirani nao wasaidie. Wanaokaa kwenye mistari ya juu na chini yake mara nyingi ni watu wa bonde moja, na wakihama wote kwa pamoja kutoka daftari hili kwenda lile, aliyehama ni mwandishi.

Usishangae pia kumkuta marehemu akiendelea kuzeeka. Makarani wengine walinakili daftari la mwaka uliopita na kuongeza mwaka mmoja kwenye kila umri, basi. Ukiona kaya nzima imepanda mwaka mmojammoja bila badiliko lolote kwa miaka mingi, daftari hilo lichukulie kama nakala, si kama ushahidi mpya. Kuanzia 1930 fomu ilibadilika, ikaongezwa hali ya ndoa, kiwango cha damu ya Kiindio kama walivyokihesabu wao, na mahali mtu anapoishi kama hayupo kwenye eneo la ofisi. Safu hiyo ya mwisho ni dhahabu, maana ndiyo inayokuambia kwamba kijana wa Ibapah yuko mjini akifanya kazi.

Madaftari yakishindwa, nenda kwenye mafaili. Barua, hesabu za mifugo, ripoti za shule na kesi za mirathi za ofisi hizo zimo katika Kundi la Rekodi 75 la Nyaraka za Taifa za Marekani. Kwa ujumla mafaili ya Utah yako tawi la Denver na ya Nevada yako San Bruno, karibu na San Francisco. Rizavesheni ya Deep Creek imekaa juu ya mpaka, kwa hiyo andikia matawi yote mawili, hata kama la kwanza limekujibu vizuri. Faili la mirathi ukilipata lisome lote. Ili kugawa mali ya marehemu ilibidi waulizwe mashahidi nani alikuwa mke, nani mtoto, nani alitangulia kufa, na majibu yao yaliandikwa.

"Cheti hakipo kaunti hii"

Rizavesheni ya Ibapah imeingia kaunti tatu: Tooele na Juab upande wa Utah, White Pine upande wa Nevada. Mtu aliyezaliwa kilomita chache magharibi ya nyumba ya wazazi wake amezaliwa jimbo jingine. Ukitafuta mambo ya kale zaidi, kumbuka kwamba mpaka wenyewe ulisogezwa. Ukanda wa mashariki ya Nevada ulikuwa Utah hadi 1866.

Usajili wa vizazi na vifo kwa jimbo zima ulianza Utah mwaka 1905, na Nevada 1911. Kabla ya hapo usitegemee cheti. Utah hufungua vyeti vya kuzaliwa baada ya miaka 100 na vya vifo baada ya 50, kwa hiyo anza na kifo. Cheti cha kifo cha mzee aliyefariki miaka ya 1940 kinaweza kukupa majina ya wazazi waliozaliwa kabla ya mkataba. Angalia tu nani alitoa habari hizo. Akiwa ni binti yake, sawa. Akiwa ni karani wa hospitali, zichukue kwa tahadhari.

"Kabla ya 1900 ni kiza"

Katiba ya Marekani haikuwahesabu katika uwakilishi bungeni "Waindio wasiotozwa kodi", na makarani wa sensa za karne ya 19 kwa sehemu kubwa waliwapita. Sensa ya 1890 ingetusaidia, lakini karatasi zake nyingi ziliharibiwa na moto wa Januari 1921 mjini Washington. Zinazobaki ni za 1900 na 1910, na hizo ni nzuri kuliko watu wanavyojua. Zilikuwa na fomu maalumu ya Waindio, yenye maswali ya ziada chini ya ukurasa: kabila la mtu, kabila la baba, kabila la mama. Ya 1900 iliuliza pia jina lake jingine, na kama anaishi kwenye makao ya kudumu au ya kuhamahama. Kosa la kawaida ni kusoma kurasa za mji kisha ukaacha. Fomu hizi mara nyingi ziliwekwa mwishoni, nyuma ya wazungu wote, kwa hiyo pitia picha za eneo hilo hadi ya mwisho kabisa.

Kuna aina moja ya mtu anayeonekana mapema zaidi, naye ni mtoto ndani ya nyumba ya wazungu. Sensa za Utah za 1850, 1860 na 1870 zina watoto walioandikwa Waindio katika kaya za Wamormoni (waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho), wakiwa na jina la Kikristo na mara nyingine ukoo wa mwenye nyumba. Usiwachukue haraka kuwa ni watoto wa kulea kwa hiari. Kwa miongo mingi wanawake na watoto wa Kigoshute na Kipaiute walitekwa na kuuzwa, wakipitia kwa Wa-Ute na wafanyabiashara wa New Mexico. Walowezi walipoingia Utah nao wakawanunua, na sheria ya Utah ya 1852 iliruhusu mtoto au mateka wa namna hiyo kuwekwa kwa mkataba wa kazi kwa muda usiozidi miaka 20. Wazazi hawatajwi kwenye sensa. Njia iliyobaki ni kumfuata mwenye nyumba: shajara yake, kumbukumbu za kata ya kanisa lake, mahakama ya kaunti iliyopaswa kuandikisha mikataba hiyo. Ni kazi nzito, na si kila mara inafika kwenye jina la mama. Hata hivyo bonde alikotolewa mtoto hujitokeza mara kwa mara kuliko unavyodhani, kwa sababu walowezi walipenda kusimulia walikompatia.

"Ana mama wawili, na ndugu wasio na mwisho"

Hapa Mswahili hapaswi kupata tabu. Kwa Washoshone na Wagoshute, watoto wa baba mkubwa na mama mdogo ni kaka na dada, na babu na mjukuu wanaweza kuitana kwa jina moja la udugu. Mjane kuolewa na ndugu wa marehemu, au mwanamume kumwoa dada wa mkewe, lilikuwa jambo la kawaida. Sasa mkalishe mzee wa namna hiyo mbele ya karani wa kizungu mwenye kisanduku kimoja cha uhusiano, na katikati yao mkalimani mwenye haraka. "Brother" kwenye daftari anaweza kuwa mtoto wa shangazi. "Mother" anaweza kuwa mama mkubwa. Makosa huja pale programu ya kuchorea ukoo inapokulazimisha uchague mama mmoja ukakubali. Mimi huacha mstari wazi na kuandika pembeni alivyoitwa, mwaka gani, na nani. Mstari uliojazwa kwa kubahatisha utanakiliwa na wenzio kabla ya wiki kuisha.

Umri nao usikuumize kichwa. Wengi wetu tuliopita kambi za wakimbizi tuna ndugu waliozaliwa wote tarehe 1 Januari, kwa sababu karani alihitaji tarehe. Karani wa Deep Creek alikuwa na tabia hiyohiyo, akiandika 40, 45, 50 kwa kukadiria. Tofauti ya miaka mitano kati ya daftari na daftari si watu wawili. Tofauti ya miaka ishirini, hapo simama uangalie vizuri. Jina la Kiingereza la baba lilirithiwa na mwana mara kwa mara, na unaweza kuwa umewaunganisha baba na mwana kuwa mtu mmoja.

"Majina yanabadilika kila anapokwenda"

Mtu mmoja angeweza kuwa na jina la nyumbani, jina la utani alilopewa na mwenye ranchi, na jina la shule. Lile la ranchi ndilo linalosumbua zaidi: Jim, Joe, Tommy, Jack, pengine na jina la mahali au la mke. Kiongozi mashuhuri wa Deep Creek wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alijulikana kama Annies Tommy, na sehemu ya kwanza ya jina hilo inaandikwa kwa namna kadhaa, mara nyingine kama Annie's. Mtafute chini ya A na chini ya T. Fanya hivyo kwa kila jina la namna hiyo, kwa kuwa kilichokuwa jina la baba kinaweza kugeuka ukoo wa watoto.

Shule za bweni zina mafaili yao. Kwa watoto wa eneo hili anza na Stewart, karibu na Carson City huko Nevada, iliyofanya kazi kuanzia 1890 hadi 1980, kisha Sherman huko Riverside, California. Faili la mwanafunzi linaweza kuwa na jina la mzazi, afya, barua za nyumbani na tarehe ya kutoroka. Jina humo litakuwa la Kiingereza tupu. Ulinganishe umri na mwaka wa kuondoka nyumbani na daftari la M595, utaona mtoto mmoja kapotea Ibapah mwaka huohuo mwingine kaingia Stewart.

Halafu kuna ukimya ambao si kosa la karani. Katika jamii za Great Basin ilikuwa mwiko kutaja jina la aliyekufa. Ukiona mjane aliyehojiwa anasema tu "yule aliyekuwa mume wangu", au familia inakwepa jina la babu hata leo, hilo ni adabu yao. Uliza kwa njia nyingine: aliishi wapi, alifuga nini, aliwafuata nani. Jina utalipata kwenye karatasi.

"Vijana wote wa 1917 hawana kadi ya jeshi"

Dalili hii inanipendeza, kwa sababu upungufu wenyewe ni habari. Tarehe 5 Juni 1917 wanaume wa miaka 21 hadi 30 nchini kote walitakiwa kujiandikisha kwa ajili ya vita. Waindio wasio raia nao walitakiwa kujiandikisha, ingawa hawakupaswa kuchukuliwa jeshini, na uraia kwa Waindio wote ulikuja 1924 tu. Deep Creek walikataa. Hoja yao ilieleweka: serikali isiyotuhesabu raia inatuandika kwa vita gani? Mvutano uliendelea hadi Februari 1918, wanajeshi kutoka Fort Douglas walipokwenda kuwakamata viongozi, Annies Tommy akiwa mmoja wao. Mashtaka hayakuendelea.

Kwa hiyo usiandike kwamba kadi imepotea. Ingia kwenye mawasiliano ya wakala ya 1917 na 1918, yaani Kundi la Rekodi 75 tena, na kwenye magazeti ya Salt Lake City ya miezi hiyo. Watu ambao kwa kawaida karatasi za serikali huwataja kwa umri na namba tu, humo wanatajwa kwa waliyoyasema. Magazeti yale yalitia chumvi kuhusu uasi, kwa hiyo yalinganishe na barua.

"Nimepata familia ya Skull Valley yenye majina ya ajabu"

Huenda ni Wahawaii. Kuanzia 1889 hadi 1917 kulikuwa na kijiji cha Wamormoni kutoka Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki bondeni humohumo, kikiitwa Iosepa. Angalia safu ya mahali pa kuzaliwa.

"Mtandaoni mti wa ukoo umekamilika hadi 1750"

Kuwa na wasiwasi. Wagoshute wengi walibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho katikati ya miaka ya 1870, na kumbukumbu hizo ni za kweli na zina faida. Lakini kanisa hilo pia hufanya ibada kwa niaba ya waliokwisha kufa, na tarehe za ibada hizo huonekana kwenye miti ya ukoo kando ya tarehe za maisha. Mtu asiyejua hudhani babu alibatizwa mwaka 1992. Soma kwanza ni tarehe ya nini. Kisha uliza kila jina lina karatasi gani nyuma yake. Mti usio na picha ya daftari, cheti au faili ni dokezo tu, hata ukiwa umenakiliwa na watu mia.

Kipimo cha vinasaba nacho hakitakuambia "Goshute". Kinaweza kukuonyesha binamu aliye hai, na binamu huyo akawa na picha na barua. Asilimia zile za ramani hazitaji kabila.

"Ofisi ya kabila hainijibu"

Orodha ya wanachama ni mali ya kabila, ina habari za watu walio hai, na hakuna anayelazimika kuifungua kwa mgeni. Uanachama unaamuliwa na kabila lenyewe, kwa kanuni zake. Shirikisho la Ibapah lina katiba tangu 1940. Ofisi ya serikali ya mambo ya Waindio nayo haifanyi utafiti wa nasaba kwa ajili yako, ingawa watu bado huiandikia wakitegemea hivyo.

Barua yenye nafasi ya kujibiwa ni fupi na ina swali moja. Jitambulishe kwa njia ya mtu: wewe ni nani kwa nani. Toa jina, mwaka, bonde, namba ya daftari, na nakala ya ukurasa. Uliza kama yupo wa ukoo huo anayekubali kuwasiliana nawe, kisha acha anwani yako. Usiombe orodha, wala usiombe "kila kitu mlicho nacho".

Ukibahatika kukutana na mzee, na ni kiangazi, na akakataa kusimulia hadithi za zamani, usidhani amekukataa. Hadithi za Koyote na wenzake kwa Washoshone na Wagoshute husimuliwa majira ya baridi. Kiangazi muulize mambo ya karatasi: nani alikaa nyumba ipi, nani alisoma Stewart, ranchi ya nani iliajiri watu. Kama ana kumbukumbu za utotoni za miaka ya 1940, nenda naye kwenye sensa ya 1950, iliyofunguliwa tarehe 1 Aprili 2022. Ilikuwa na fomu ya pekee kwa rizavesheni iitwayo P8, na mara nyingi mzee ataweza kukutajia waliokaa kila nyumba. Ya 1960 hairuhusiwi kutazamwa hadi Aprili 2032, kwa hiyo habari za miaka hiyo mwombe yeye sasa.